Kitwana Mkia na Mnyama Asiye na Mkia

Kwa miaka ishirini na sita Kitwana Chikumbo alikula, akavaa na akaoa kwa jasho la simba ambao hakuwahi kuwaona. Simba, twiga, chui, nyati, kanga wa madoadoa, wote aliwachora, na wote aliwajua kwa njia moja tu: kuwatazama kwenye ubao wa mchoraji aliyekaa jirani yake. Na huyo jirani naye alikuwa amemtazama jirani yake. Ukiufuata mstari huo hadi mwanzo, huenda ukamkuta mtu mmoja aliyewahi kumwona simba kweli, tena kwa mbali, tena akiwa anakimbia.

Hiyo ndiyo kazi ya uchoraji wa tingatinga, na asitokee mtu wa kuicheka. Mjomba wake ndiye aliyemtoa Mbagala na kumpeleka kwenye vibanda vya wachoraji pale Oysterbay, Dar es Salaam. Mwaka wa kwanza alipaka mandhari ya nyuma tu, rangi ya machungwa chini, ya njano juu, na katikati zinavyoingiliana. Mwaka wa pili akapewa nukta. Mwaka wa tatu mjomba akagundua kwamba mkono wake una kipaji cha mikia.

Usidhani mkia ni kitu kidogo. Mnunuzi wa tingatinga hataki kuona ubao mtupu. Kila pembe ijae, na hakuna kinachojaza pembe vizuri kuliko mkia uliopinda ukapinduka, ukapita chini ya tumbo, ukachomoza juu ya sikio na kumalizikia kwenye kishada. Wenzake walipofika mahali chui wao ameishia katikati ya ubao na pembeni pamebaki uwazi, walipaza sauti: "Kitwana, njoo unimalizie." Wakamwita Kitwana Mkia, na jina hilo halikumwacha mpaka siku alipopanda ndege.

Watalii nao walikuwa na swali lao moja. "Hawa wanyama uliwaona wapi?" Mjomba alikuwa amewafundisha wote jibu: "Serengeti, mama. Naenda kila wiki." Kitwana alilisema jibu hilo maelfu ya mara huku akitabasamu, naye wakati huo hakuwa amevuka Chalinze. Simba wake wa kwanza alikuja kumwona Sydney, kwenye bustani ya wanyama, amelala chali nyuma ya kioo huku watoto wa shule wakimpigia makofi. Kitwana alimtazama, akasikitika, akaenda kununua chipsi.

Sydney alimfuata mkewe. Atupele ni muuguzi, mtoto wa Tukuyu, mwanamke asiyependa maneno mengi, na ndiye aliyepata viza mwaka elfu mbili na kumi na tano. Wakapanga nyumba Minto, wao na binti yao Jacky. Kitwana akapata kazi kwenye ghala la vipuri vya magari, zamu ya mchana mpaka usiku, na akaipenda, kwa sababu mshahara uliingia kila wiki bila kumwomba mtalii. Brashi zake aliziweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Ndugu wakimpigia simu kutoka Dar na kumwuliza kama bado anachora, alijibu kwamba anachora. Uongo wa zamani ulikuwa umezoea mdomo wake.

Basi ikafika Juni ya mwaka elfu mbili na ishirini na moja, corona ikaingia mjini upya na Sydney ikafungwa. Sisi wa upande wa kusini magharibi, majirani zake Kitwana wa Minto, tulifungwa zaidi ya wenzetu wa ufukweni. Barakoa hata ukiwa peke yako barabarani. Kilomita tano kutoka mlangoni kwako, usizidishe. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa, na wanajeshi wakabisha hodi kwa upole kuuliza kama mgonjwa yumo ndani. Ghala halikufungwa, maana hata corona haikuzuia magari kuharibika.

Atupele alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Campbelltown. Huko wageni walipigwa marufuku, na wazee wakabaki vyumbani mwao wakitazama nje. Upande wa mashariki vyumba tisa vilitazamana na uzio wa bati wa rangi ya majivu. Siku moja meneja wao, mama mmoja mwenye huruma na haraka, alisema mbele ya Atupele kwamba anatamani uzio ule uwe na kitu chochote kile, hata matangazo ya sabuni.

"Mume wangu ni mchoraji," Atupele akasema.

Alipofika nyumbani akamweleza Kitwana kana kwamba anamkumbusha kununua maziwa. "Baba Jacky, nimekupa kazi. Wanataka wanyama wa hapa, wa Australia. Simba hawataki."

"Mimi? Nimeacha miaka sita, Mama Jacky. Mkono umekufa."

"Mkono ninauona kila siku ukishika rimoti. Haujafa."

Kwa hiyo Kitwana akaliteremsha kopo la biskuti. Akanunua rangi za mafuta, zile zinazong'aa, na kwa barua ya meneja akaanza kwenda kila asubuhi kabla ya zamu, anapitia geti la nyuma, anachora nje na harudi mpaka ameosha brashi. Kangaruu alimtoka mara moja. Mnyama yule alikuwa kama ameumbwa kwa ajili yake, mkia mnene kama mguu wa mwanamieleka! Akachora mamba, akachora kasuku wa rangi tano. Wazee wakawa wanasogeza viti madirishani, na Kitwana akagundua kwamba anapiga mluzi.

Siku ya nne ikawa zamu ya koala. Kitwana alikuwa hajamwona koala aliye hai, lakini hilo lini liliwahi kumzuia? Alikuwa na koala wa plastiki kwenye funguo za gari, amekumbatia tawi, uso mbele, masikio ya manyoya, pua kubwa nyeusi. Mgongo haukuonekana, maana mgongo ulikuwa kipande cha sumaku. Akamchora, akamtia nukta za waridi na za njano, na alipofika nyuma pembe ikabaki tupu, mkono wake ukafanya kilichofanywa na mkono huo miaka yote. Ulikuwa mkia bora kuliko yote aliyowahi kuichora. Ulizunguka tawi mara mbili, ukashuka, ukapita chini ya miguu ya kangaruu, ukapanda na kumalizikia kwenye kishada cha bluu, mbele kabisa ya dirisha la chumba namba tisa.

Nusu saa baadaye Atupele alisikia sauti ya ajabu kutoka chumba namba tisa. Akakimbia, akidhani mgonjwa amepaliwa. Humo alikaa mzee Rufus, mwenye umri wa miaka tisini, aliyeletwa Februari baada ya kuvunjika nyonga, na ambaye tangu wageni wakatazwe alikuwa hajasema zaidi ya ndiyo na hapana. Atupele alimkuta ameinamia meza, mabega yanamtikisika, machozi yanamtiririka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akahitaji maji, kisha akanyoosha kidole dirishani na kusema anataka kuzungumza na yule mtu, sasa hivi.

Dirisha halikuruhusiwa kufunguliwa. Atupele akampigia mumewe na kuiweka simu yake mezani kwenye sauti ya juu, na wanaume wawili wakatazamana kupitia kioo.

"Rafiki," mzee Rufus akasema, "umewahi kumwona koala?"

Kitwana alikuwa na jibu lake tayari kwa miaka yote hiyo, lilikuwa ulimini. Lakini macho ya yule mzee yalikuwa yanamtazama mkononi, pale aliposhika brashi, na jibu likakwama.

"Hapana, mzee. Sijawahi."

"Inaonekana. Koala hana mkia."

Kitwana akageuka kuutazama mkia wake. Akarudi kumtazama mzee. "Hana kabisa?"

"Hana hata kidogo."

Hebu fikiria aibu ile. Mtu amejenga jina lake lote juu ya mikia, amevuka bahari, kisha anaambiwa kuna mnyama ambaye Mungu alimwumba akasahau, au hakutaka, kumtia mkia. Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Jacky alipoonyeshwa picha kwenye simu ya mama yake aliangukia kwenye kochi. "Dad, oh my God! Everyone knows koalas don't have tails!" Na kule ghalani Gitau, Mkenya wa Nakuru aliyekuwa akiendesha foklifti, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Mzee Kitwana, aki hiyo tail umetoa wapi? Hiyo si koala, hiyo ni paka imekula steroids!"

Kitwana alicheka nao, lakini moyoni liliuma. Kesho yake alirudi kwenye uzio na nia ya kuufunika ule mkia kwa rangi, jambo ambalo kwenye vibanda vya Oysterbay halifanywi. Kule hakifutwi kitu. Ukikosea, kosa unaligeuza ndege, ndiyo maana picha za tingatinga zina ndege wengi hivyo. Alikuwa bado anasita, brashi mkononi, simu ikaita.

"Usiuguse kwanza," mzee Rufus akasema. "Njoo dirishani, nikuonyeshe kitu."

Aliinua kitabu chenye jalada la ngozi lililochakaa na kukibandika kwenye kioo. Kurasa zilikuwa zimepigwa mistari kwa mkono. Tarehe. Saa. Mti. Dume au jike. Na safu ya mwisho, pembeni kabisa: aliyeona. Mzee Rufus alikuwa fundi reli maisha yake yote, lakini tangu mwaka elfu moja mia tisa sabini na nane kila mapumziko aliyatumia kwenye msitu wa mikaratusi kando ya Mto Georges, akiandika kila koala aliyeonekana. Mara nyingi safu ya mwisho ilikuwa na jina lake, mara nyingine la marehemu mkewe, mara chache la rafiki. Miaka arobaini na mitatu, na hakuna mwaka uliopita mtupu. Akafunua ukurasa wa mwisho. Juu yake palikuwa na mwaka huu, na chini ya mwaka hapakuwa na kitu.

"Kila mwaka ninajisemea, angalau mmoja," alisema. "Mwaka huu nyonga ilivunjika kabla sijaenda. Siwezi kukuahidi kwamba nitafika mwakani kumalizia. Wewe una miguu, na hicho kijiji chako cha Minto kiko jirani na msitu. Niletee mmoja. Umwone mwenyewe, kwa macho yako."

Kitwana akaahidi. Aliahidi haraka, jinsi unavyomwahidi mgonjwa, na alipotoka getini ndipo alipotambua kwamba ahadi ile anaitaka yeye zaidi ya mzee. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alikuwa amechora wanyama wasiohesabika, na hakuna hata mmoja ambaye yeye Kitwana angeweza kumwonyesha mtu na kusema, huyu nilimwona.

Agosti ilipokuwa inaisha serikali ikakaza kamba zaidi. Mazoezi saa moja kwa siku, basi. Dakika kumi za gari kwenda, kumi kurudi, na dakika arobaini za msitu, barakoa usoni, miwani imejaa ukungu. Mzee Rufus alimfundisha kwa simu. Usitazame juu, alimwambia, tazama chini kwanza. Kinyesi cha koala kina ukubwa wa kokwa ya tende na kinanuka dawa ya mafua. Ukikikuta, tazama shina kama lina mikwaruzo. Halafu ndiyo inua kichwa, na ukiinua uwe na subira, maana mnyama huyo hulala karibu siku nzima na anafanana na kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe.

Kitwana akatazama chini wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliokota vitu akanusa. Polisi mmoja alimsimamisha na kumwuliza anafanya nini, naye akajibu kwa ukweli kwamba ananusa kinyesi, polisi akamwacha aende zake. Siku moja aliona fungu la kijivu kwenye panda ya mti, moyo ukamruka, akasimama dakika thelathini bila kupepesa. Akalipiga picha na kumwonyesha Gitau.

"Mzee, hiyo ni kichuguu," Gitau akasema. "Mchwa wako juu ya mti, huku kila kitu iko upside down."

Kila asubuhi, akitoka msituni, alipita dirisha la chumba namba tisa na kutikisa kichwa. Kila asubuhi mzee Rufus aliinua kidole gumba. Kisha kidole gumba kikaanza kuinuka taratibu. Katikati ya Septemba mzee akabanwa na kifua, si corona, kifua tu, lakini kwa mtu wa miaka tisini kifua hakina utani. Alilala siku tano. Alipokaa tena dirishani shingo yake ilikuwa imekonda na kitabu kilikuwa kimemlalia mapajani.

Jioni ya siku ya mapumziko ya Kitwana, Atupele alirudi kazini akaketi kando ya mumewe huku akivua viatu.

"Baba Jacky, nitakwambia kitu na usinikasirikie. Kesho mwambie umemwona."

"Sijamwona."

"Najua hujamwona. Mwambie tu. Jike, juu ya mkaratusi, saa mbili asubuhi. Mzee aandike, afurahi, alale. Nani ataumia?"

Usidhani Kitwana hakushawishika. Alikuwa na ujuzi wa miaka ishirini na sita katika jambo hilohilo, na safari hii hata pesa haikuwemo, ilikuwa huruma tupu. Usiku kucha alimtunga koala wake: mti gani, tawi la ngapi, sikio lipi lililochanika kidogo ili ionekane kweli. Kufikia alfajiri mnyama alikuwa kamili, na mzuri.

Akaenda naye mpaka dirishani. Mzee Rufus alipomwona anakuja bila kutikisa kichwa, akaelewa vibaya, au akaelewa vizuri. Akafunua kitabu. Akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akaufungua mfuniko kwa meno, akaweka ncha kwenye mstari wa kwanza. Uso ulikuwa umewaka kama wa mtoto siku ya Idi. Simu ikaita.

"Sema," mzee akasema. "Tarehe ninaijua. Saa ngapi?"

Kitwana akafumbua mdomo. Koala wake wa uongo alikuwepo kabisa, na masikio yake yote. Akaitazama ile safu ya mwisho, aliyeona, ilivyokuwa inamsubiri, akaona kwamba hawezi.

"Bado, mzee," akasema. "Nimekuja kukwambia kwamba bado."

Mzee Rufus akairudishia kalamu mfuniko wake, polepole. Kisha akafanya jambo ambalo Kitwana hakulitarajia: akaweka kiganja chake kwenye kioo.

"Mwanangu amepiga simu juzi kutoka Perth akaniambia ameona koala watatu," alisema. "Perth hakuna koala wa mwituni. Ananipenda, ndiyo maana. Asante kwa kutonipenda namna hiyo."

Kitwana alirudi kwenye gari akakaa muda bila kuwasha injini. Alikuwa amemhuzunisha mzee wa watu, na bado alijisikia mwepesi. Kuanzia siku hiyo alikwenda msituni hata mvua ikinyesha.

Septemba ikaisha. Serikali ikatangaza kwamba tarehe kumi na moja Oktoba milango itafunguliwa kwa waliochanjwa, na mji mzima ukaanza kuhesabu siku na kuota vinyozi. Jumanne, tarehe tano Oktoba, Kitwana alitumia dakika zake arobaini zote, akatazama chini, akatazama juu, akaambulia kupe shingoni. Akarudi kwenye gari amekereka, akawa anatafuta funguo mfukoni.

Akasikia majani makavu yakivunjika. Kando ya barabara, hatua sita kutoka kwenye bampa, mnyama wa kijivu alikuwa anatembea chini kwa miguu minne, anajitupatupa kama mama mnene anayewahi basi bila kutaka kuonekana anakimbia. Mgongoni alibeba mtoto, amejishikiza kwa mikono miwili. Kitwana akaganda. Yule mama akasimama, akamtazama. Hakumwogopa wala hakumjali, alimtazama kama mtu anavyotazama jiwe kuona kama litamzuia njia. Kisha akaufikia mkaratusi, akaukumbatia, akaruka, miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja, akaruka tena, akawa juu ya kichwa cha Kitwana, na kumwonyesha matako yake yote.

Hakuwa na mkia. Mahali pa mkia palikuwa na manyoya tu, yamechafuka kwa kukalia, na yamekaa sawasawa hivyo yalivyo. Hakupungukiwa kitu.

Kitwana Chikumbo alilia. Alisimama kando ya Mazda yake, barakoa imelowa, akalia kwa furaha kama mjinga, na wakati huohuo akawa anajisomea kwa sauti asije akasahau: saa tatu na robo, mkaratusi wenye gome la kijivu, kifua cheupe, mtoto mmoja. Simu ilikuwa mfukoni, na kwamba ina kamera alikuja kukumbuka alipokuwa amekwisha fika Campbelltown.

"Huna picha," mzee Rufus akasema.

"Sina, mzee."

"Vizuri. Tutaona kama uliona." Akafunua kitabu, lakini kalamu akaishika pembeni. "Mtoto alikuwa amekaa wapi?"

"Mgongoni. Chini kidogo ya mabega. Ameshika manyoya kwa mikono miwili, macho amefumba."

"Kifua cha mama?"

"Cheupe, safi."

"Safi kabisa? Hakina doa la kahawia katikati?"

"Hakina. Nilimwona alipogeuka kunitazama."

"Basi ni jike kweli, dume lina doa. Alipandaje?"

Kitwana akashindwa kueleza kwa maneno. Akaweka simu chini, akauendea mti mdogo uliokuwa uani, akaukumbatia na kuruka, miguu miwili kwa pamoja, mara ya kwanza, mara ya pili, mwanaume wa miaka hamsini na mbili na kitambi chake. Katika madirisha mengine manane wazee walianza kupiga makofi. Atupele, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha mzee Rufus, alijifunika uso.

Alipoirudia simu alisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Ilikwaruza muda mrefu. Kisha mzee akauliza, "Jina lako linaandikwaje?" na Kitwana akalitaja herufi moja moja. Mzee Rufus akakiinua kitabu na kukibandika kwenye kioo.

Chini ya mwaka palikuwa na mstari mmoja. Tarehe, saa, mti, jike na mtoto. Na pale pembeni, kwa mwandiko uliotetemeka lakini ulioshindilia wino: aliyeona, K. Chikumbo.

Kitwana aliusoma mstari ule mara tatu. Alikuwa amewahi kutia sahihi yake chini ya picha nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na hakuna sahihi iliyompa heshima hiyo.

"Sasa ule mkia," akasema. "Nitaugeuza ndege. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

"Thubutu!" mzee Rufus akafoka, na kikohozi kikamshika, akakishinda. "Humu ndani nina koala mia sita na kumi na mbili, wote wa kweli. Wa uongo ninaye huyo mmoja tu. Mwache alivyo."

Akaachwa. Lakini wiki iliyofuata, milango ya mji ilipofunguliwa, Kitwana alirudi na kopo lake la biskuti na kuchora mwingine kando yake, karibu zaidi na dirisha la chumba namba tisa. Huyu anapanda mti, mtoto mgongoni, na ni mnyama pekee kwenye uzio ule aliyewapa watu kisogo. Rangi zinang'aa, nukta zimejaa kila mahali, ni tingatinga hasa. Ila chini ya matako yake, pale ambapo mkia ungekaa, pana uwazi wa ukubwa wa kiganja. Mkono ulimwasha Kitwana siku mbili nzima. Hakuweka kitu.

Desemba wageni waliporuhusiwa kuwa wengi, mama mmoja aliyekuja kumtembelea baba yake alisimama mbele ya koala huyo asiye na mkia huku Kitwana akipaka rangi ya kukinga mvua.

"Huyu ni mzuri," alisema. "Ulimwona wapi?"

Kitwana akaiweka brashi chini. Akamwelekeza barabara, akamtajia siku, saa, aina ya gome la mti na upande ambao jua lilikuwa linatokea, akamweleza habari za mtoto aliyefumba macho, na alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye manyoya yaliyochafuka kwa kukalia, yule mama mgeni alipoitazama saa yake na kuaga.